Flashi ya "Mamta wa Mombasa": picha zipo, nyimbo zimekatwa

Haya wapenzi wa picha za Kihindi, ile flashi ya Mamta Kulkarni, mwigizaji wa Bollywood wa miaka ya tisini, mnayoulizana nimeinunua, nimeiangalia yote, na kwa vile kila nikipita naulizwa yafaa ama haifai nimeona niandike mara moja tuishe. Yafaa. Ila usiichukue vile ilivyo, mwambie arekebishe mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa, manake ukishatoka pale mlangoni ni wewe na flashi yako.

Duka silitaji, alijuaye alijua. Ni vile viduka vya kurekodi muvi huku kisiwani Mombasa, kompyuta mbili, feni moja yenye kelele nyingi kuliko upepo, na bango la Shah Rukh lililopauka kwa jua mpaka nyusi hazionekani. Ukija na flashi yako picha moja ni bob 30, ukitaka mkusanyiko mzima na flashi yake ya 32GB ni 1,200. Mi nimelipa 1,200, na ndio, nyumbani wamenisema vya kutosha msijisumbue. Ndani mna picha 14, folda ya nyimbo, folda nyingine kaiandika PICHA ZA SIRI (ntafika huko), na moja yaitwa MPYA 2025. Juu kabandika stika, uso wa Mamta wa ile miaka ya tisini na maandishi makubwa MAMTA WA MOMBASA ZOTE NDANI.

Hio zote ndani ni uongo, yule mama amecheza picha zaidi ya 30. Na hilo la "wa Mombasa" nina maneno nalo lakini ngoja kwanza tuongee picha, manake ndizo nlizolipia.

Kwa watoto wa juzi ambao hawamjui, Mamta ni mzaliwa wa Mumbai, 20 Aprili 1972, Mmarathi, na miaka ya 1993 mpaka 1996 hivi ukiingia maktaba yoyote ya video kukodi kanda humkosi. Alitokea kwenye Tirangaa mwaka 1993, ile ya Raaj Kumar na Nana Patekar, wazee wawili wanashindana kuongea, na yeye pale katikati hana nafasi hata ya kupumua. Mwaka huohuo akacheza Aashiq Awara na Saif Ali Khan, Saif huyo bado kijana mbichi kabisa, na hio ndio iliyompa Mamta tuzo ya Filmfare ya sura mpya. Kwenye flashi hio Aashiq Awara iko kama imerekodiwa ndani ya moshi. Nyuso hazina pua. Niliiangalia nusu nikaiacha, kama wewe ni mtu wa macho mabovu kama mimi usijitese.

Kitu kimoja nlichokiona baada ya kuziangalia zote nyuma kwa nyuma, na hiki hukioni ukiangalia moja leo na nyingine mwakani: huyu dada hakupewa picha. Alipewa nyimbo. Picha ni za wanaume, steringi yuapigana, adui acheka, mama alia, yeye aitwa ikifika saa ya kucheza, akimaliza arudishwa kabatini mpaka wimbo wa pili. Krantiveer ya 1994 ni ya Nana Patekar kuwahutubia watu, yeye na Atul Agnihotri wamewekwa pale kama vijana wa mapenzi ili tupumzike na makelele. Waqt Hamara Hai ni Akshay na Sunil Shetty wanatupa mateke. Sasa kama mtu alipewa nyimbo tu, halafu wewe mwenye duka ukazikata hizo nyimbo, umeniuzia nini?

Manake ndio alivyofanya. Nimefungua Karan Arjun kwa hamu zote, picha ya Januari 1995, Rakesh Roshan, hakuna nyumba ya pwani isiyoijua, ndugu wawili wanauliwa na Durjan Singh kwa ajili ya mali, mama yao Rakhee aenda mbele ya sanamu la Kali kulidai limrudishie wanawe, na wanarudi kweli, wamezaliwa upya kila mmoja kwao, Salman huku na Shah Rukh kule, na yule mama miaka yote hio azunguka kijijini akisema Karan na Arjun wake watakuja mpaka watu wamuona mwendawazimu. Mpaka leo ukichelewa arusi kuna mtu atakutania kwa maneno hayo hayo. Kajol ni wa Shah Rukh, Mamta ni Bindiya wa Salman. Bindiya hana kazi nyingine zaidi ya kumpenda Salman, sawa, tumezoea. Lakini kuna ule wimbo wa Rana ji! Ile sauti nzito ya Ila Arun yaingia kama ya bibi wa ngoma, sauti nyororo ya Alka Yagnik yajibu, na Mamta na ile sketi ya Kirajasthani yuazunguka, anasimama ghafla, sketi bado yazunguka peke yake, yeye ashainua nyusi moja kama amwambia mtu umeona ama nirudie. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini alikua Mamta. Hachezi kwa nguvu, kuna waliomshinda kucheza kwa mbali, ila uso wake wacheza ngoma tofauti na miguu, miguu yaomba msamaha kama wimbo unavyosema na uso wasema sijafanya kosa lolote.

Kwenye flashi: wimbo haupo. Yaani Rana ji anaanza kukaa, PAP, tuko asubuhi ya pili. Nikadhani ni TV yangu. Nikarudisha nyuma, PAP tena. Wallahi niliita watoto waje washuhudie.

Na si huo peke yake. Sabse Bada Khiladi, ule wimbo wa Bholi Bhali na Akshay umekatwa katikati, beti mbili basi. Baazi imepona, sijui ilimponyokaje. Baazi ndio iliyonishangaza zaidi manake nlikua nimeisahau, ni ya 1995, Aamir Khan ni polisi, na mwelekezi ni Ashutosh Gowariker, huyohuyo ambaye baadaye alikuja kutoa ile ya kriketi iliyofika Oscar. Watu waikumbuka kwa sababu Aamir avaa kike acheza klabuni, na kweli yuapendeza kuliko wanawake wengi nnaowajua, lakini mimi nimemuangalia Mamta ambaye humu ni mwandishi wa habari, na kwa mara moja ana kitu cha kuuliza na mahali pa kwenda. Sisemi ni kazi kubwa. Nasema unaona kwamba angepewa, angefanya. Nakala hii pia ndio safi kuliko muvi zote, tatizo lake moja ina maandishi ya Kiarabu chini na nembo ya chaneli ya Ghuba pembeni, inaelekea ilirekodiwa huko. Mi Kiarabu cha madrasa sikukisahau kwa hivyo nlisoma mbili tatu, asiyejua Kiarabu wala Kihindi atafuata kwa macho tu kama tulivyokua tukifanya zamani, na zamani tulielewa zote.

Halafu Ghatak, 1996. Hio ni ya Sunny Deol, amemleta babake mgonjwa Mumbai kutibiwa akakuta mtaa mzima umeshikwa na genge la Katya. Amrish Puri humu ndiye baba, mpole, mgonjwa, yuakohoa, baada ya kumuangalia akiwa Durjan Singh wiki ileile nlikua namuogopa hata akikohoa. Mamta haigizi kabisa kwenye hio picha, aingia kwa wimbo mmoja tu, Koi Jaaye To Le Aaye, atoka. Na ukiwauliza watu leo Ghatak ni nini watakwambia ni Sunny na ule wimbo. Meenakshi Seshadri ndiye aliyekua heroini wa picha nzima, maskini, kafunikwa na mtu wa dakika chache! Wimbo huo uko kwenye folda ya nyimbo, mzima, sauti safi, nimeupiga mpaka jirani kagonga ukuta, si kwa kukasirika, alitaka niongeze.

Sasa folda ya nyimbo hapo hapo imenitoa ushamba mwingine. Kuna faili imeandikwa MAMTA CHAMMA CHAMMA. Jamani. Chamma Chamma ni Urmila Matondkar. Mamta yumo kwenye hio China Gate ya 1998, ndio, lakini wimbo uliobeba picha alipewa mwenziwe, mpaka Wazungu waliuchukua wakautia kwenye Moulin Rouge. Mamta na mwelekezi Rajkumar Santoshi waligombana vibaya kwenye hio picha, na magazeti ya India yaliandika mengi, mpaka mambo ya simu za majambazi, hayo mi siyaingii manake yaliyoandikwa ni mengi kuliko yaliyothibitishwa. Kinachoonekana kwa macho ni kwamba nafasi yake kwenye picha ni nyembamba, na baada ya pale mambo yake yalianza kushuka. Kati ya za mwisho kutoka ni Kabhi Tum Kabhi Hum ya 2002, imo kwenye flashi, sikuimaliza, na nyinyi hamtaimaliza.

PICHA ZA SIRI. Nlifungua nikiwa peke yangu mlango nimefunga, si mnajua vile mtu huogopa. Hakuna siri yoyote! Ni ule ukurasa wa mbele wa jarida la Stardust wa 1993, yeye hana nguo ya juu kajifunika kwa mikono, ulionekana India nzima, na picha nyingine ni za kawaida tu za matangazo. Ule ukurasa ulimletea kesi ya utovu wa adabu iliyokokotana miaka mpaka mwaka 2000 akapigwa faini ya rupia 15,000. Jarida liliuzwa kama njugu, yeye akalipa faini, hesabu hio fanyeni wenyewe. Nimeifuta ile folda manake flashi hio watoto waichomeka kwenye TV, na mwenye duka ajue kuna watu wana watoto.

Haya sasa hilo la "wa Mombasa". Yule kijana wa dukani, ukichukua hii flashi akuambia kwa sauti ya chini kama akuuzia kitu cha magendo, "Mamaangu huyu si ndo yule wa mambo ya Nyali," yaani ule mtaa wa huku Mombasa na yale maneno ya dawa za kulevya. Kwa hivyo ngoja niyaseme yanayojulikana, na muachane na ya barazani. Vicky Goswami, Mhindi anayesemwa kuwa mpenzi wake, alifungwa Dubai mwaka 1997 kwa mambo ya mandrax, dawa za kulevya, akatoka 2012, halafu akaja Kenya, na jina la Mamta likatajwa pamoja na lake miaka yote hio. Yeye mwenyewe Mamta amekataa siku zote kwamba waliowana. Novemba 2014 Goswami akashikwa hapa Mombasa pamoja na ndugu wawili Baktash na Ibrahim Akasha na Mpakistani mmoja, kesi tuliifuata sote, leo korti kesho imeahirishwa, mpaka Januari 2017 wakachukuliwa wote wakapelekwa New York. Ndugu walikiri 2018, Baktash akapewa miaka 25 na Ibrahim miaka 23. Mamta hakushtakiwa kwenye kesi hio. Kesi yake yeye ilikua India, polisi wa Thane walimtaja 2016 kwenye mambo ya ephedrine, dawa inayotengenezewa dawa za kulevya, iliyotoka kiwanda cha Solapur, na mwaka 2024 mahakama kuu ya Bombay ikaifuta kesi dhidi yake. Imefutwa! Na kijana anaiuza flashi 2025 kwa kesi iliyofutwa.

Mi si wakili wake, na simuoni malaika, mtu huchagua marafiki zake. Lakini ukweli nauona hivi, ile hadithi ya Nyali ndio inayouza kuliko Rana ji, ndio sababu stika ina Mombasa na wimbo umekatwa. Angeandika MAMTA WA RANA JI angekosa wateja? Mi ningenunua mbili.

Folda ya MPYA 2025 sasa. Hii ndio yenye picha safi kuliko zote, yaani muvi nyingi zina ukungu lakini video za simu za Prayagraj, mji wa India, zawaka kama kioo. Desemba 2024 alirudi India baada ya karibu miaka 25, na 24 Januari 2025 kwenye ile Kumbh kubwa, mkusanyiko wa Wahindu wa kuoga mtoni, akaingizwa kwenye utawa, kwenye akhara ya Kinnar, hilo ni kundi la watawa wa hijra, watu wa jinsia ya tatu huko India, chini ya Laxmi Narayan Tripathi, wakampa cheo cha juu cha Mahamandaleshwar na jina jipya Shri Yamai Mamta Nand Giri. Waona yuko na nguo za rangi ya zafarani, shanga shingoni, wanammwagia maziwa kichwani, na uso ni uleule. Hauzungushi macho tena ila ni uleule. Nlimuita mamangu aje aone, akamuangalia kwa muda akasema "huyu si yule wa Salman?" halafu akauliza kama sasa ataruhusiwa kula nyama.

Huko nako hakukaa siku mbili bila maneno. Watawa wengine wakasema mtu hawezi kuamka leo akawa mkubwa wa dini, wengine wakasema kalipa rupia milioni 100 apate cheo, akajibu kwenye TV kwamba hana hata milioni 10, akaunti zake zilizuiliwa. Mwanzilishi mmoja wa akhara akatangaza kuwafukuza yeye na Laxmi wote wawili, Februari Mamta akatoa video kwamba ajiuzulu, siku chache video nyingine kwamba amerudi. Video zote mbili zimo. Kijana kazipanga kinyume, ya kurudi iko kabla ya kujiuzulu, kwa hivyo ukiziangalia kwa mpango wake utadhani kaacha kabisa.

Mambo ya ufundi kidogo kwa wanaotaka. TV yangu ya zamani ya sebuleni haikuisoma ile flashi kabisa, ya chumbani ikaisoma, kwa hivyo muulize kaiformati vipi. Sauti kwenye Tirangaa yapishana na midomo, Raaj Kumar afunga mdomo ndio maneno yaja, na kwa vile yeye huongea polepole kwa mbwembwe utangoja mno. Andolan imerudiwa mara mbili kwa majina mawili, kwa hivyo hizo picha 14 kwa haki ni 13.

Nlimrudishia. Nikamwambia mwanangu, hii Karan Arjun haina Rana ji. Akanijibu bila aibu, "Mamaangu nyimbo watu wote huziruka, nkazitoa ili nafasi itoshe." Watu gani hao! Pwani hii? Sisi tuliokulia kwenye taarab za Juma Bhalo, mahadhi ya Kihindi tuyajua kabla hatujaijua picha yenyewe, leo nyimbo twaziruka? Nikamuuliza mbona hizo mateke za Akshay hakuzikata, akacheka. Lakini nimpe haki yake, hakunipandia. Akaitafuta Karan Arjun nyingine kwenye kompyuta ya pili, nzima, karibu masaa matatu, akanitilia bure, akaniacha nikae nihakikishe pale pale dukani na nyimbo zote nimezipitia moja moja, wateja wengine wakajikusanya nyuma yangu kuangalia. Bholi Bhali hakuipata akaniahidi. Pesa hakurudisha hata senti na sikutarajia.

Kwa hivyo nyota zangu: muvi zenyewe tatu juu ya tano, huduma ya dukani nne, stika sifuri. Ukienda usinunue mkusanyiko, nenda na flashi yako, chagua Karan Arjun ile ya kompyuta ya pili (mwambie ile ya mama wa Rana ji, atakumbuka), Baazi, na Ghatak, hizo ni bob 90, uongeze folda ya nyimbo ambayo ukimuomba vizuri hutia bure. Ukiwa na hamu ya Nana Patekar ongeza Krantiveer, sauti yake iko sawa. Aashiq Awara ngojeni apate nakala nyingine. Na akiwaambia Chamma Chamma ni Mamta, bisheni hapo hapo, mwambieni kila jina aliloandika vibaya awakate bob 10.